Mota Iliyokimbiza Mwezi

Baba yangu alikuwa shahidi wa mwezi. Hakupewa cheo hicho na serikali, wala hakulipwa. Kila mwaka, magharibi ya mfungo ishirini na tisa, alipanda paa la nyumba yetu Mutsamudu, akakaza macho upande linakozama jua, na akiuona mwezi alishuka kwenda kwa kadhi kusema ameuona. Neno lake lilitosha. Mji ulikula Idi kwa macho yake, na mimi nilipokuwa mdogo niliamini kwamba mwezi unaandama kwa sababu baba amepanda kuuita.

Kisha ikaja miaka ya mamluki, wale wazungu wachache waliokuja mwaka wa sabini na nane kumrudisha rais wa zamani na wakasahau kuondoka. Katika miaka hiyo, Ramadhani moja, baba aliuona mwezi peke yake. Watu wengine walikuwa juu ya mapaa yao, macho yamewatoka, hawaoni kitu. Kadhi alimwamini kama siku zote. Mbuzi wakachinjwa, watoto wakavishwa nguo mpya. Magharibi ya siku hiyo hiyo ya Idi, watu wakiwa wameshiba, mwezi ukatokea: mwembamba kama ukucha uliokatwa, ukakaa kidogo, ukazama. Mwezi wa siku ya pili hauwi hivyo. Ule ndio ulikuwa wa kwanza. Mji mzima ulikuwa umekula mchana wa Ramadhani, na mji mzima ukalipa funga ya siku moja.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu wangemtukana. Walianza kumheshimu kupita kiasi: wanamshika mkono kwenye ngazi za msikiti alizozipanda peke yake umri wake wote, wanamhesabia ndizi sokoni, na muuza samaki mmoja alimuuliza kwa adabu kubwa kama kesho itakuwa Jumatano. Baba alijibu kwamba itakuwa Jumatano, Mungu akipenda.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, na yuko katika macho yote mawili. Baba alisema mtoto wa jicho ni wa daktari mwenyewe.

"Mwezi niliuona," aliniambia nilipokwenda kumsalimu. "Ramadhani ijayo nitapanda tena. Nikiuona, watanyamaza. Nisipouona, sipandi tena maishani, na ile safu ya mbele msikitini nitampisha mwingine."

Alisema hayo akilitazama bega langu, akidhani ndio uso. Iliniuma sana, na ikanikasirisha pia, maana mimi huzuni ikinijia huja imevaa hasira.

Wakati huo nilikuwa Moroni, kisiwani Ngazidja, nasomesha fizikia katika shule ya sekondari. Nilipanga chumba Badjanani, karibu na Msikiti wa Ijumaa wa zamani, na majirani walinicheka kwa Kiswahili changu, kwa kuwa baba alitulea Unguja miaka michache ya mwanzo kabla ya kuturejesha Mutsamudu, na nyumbani kwetu hatujaacha kukisema. Juu ya paa la nyumba ile palikuwa na darubini ya shule. Aliyekuwa akiitunza kabla yangu alikuwa mwalimu Mfaransa aliyemaliza mkataba. Ilikuwa bomba refu jeupe lenye kioo ndani, limekaa juu ya kitako cha chuma chenye miguu mitatu, na ubavuni mwa kitako mna mota ndogo ya umeme. Kazi ya mota ni kulizungusha bomba taratibu, sawa na anga inavyozunguka, ili nyota ukishaikamata isikutoke.

Ndivyo ilivyotakiwa. Yetu ukiiwasha tu, nyota inakimbia. Yule Mfaransa alihangaika nayo tangu alipofika mpaka alipoondoka. Aliipaka grisi, akabadilisha waya, akafungua skrubu na kuzifunga tena. Mwishowe akahitimisha kwamba umeme wa Moroni ni mbovu, na anga ya Moroni nayo haiaminiki. Akapanda ndege.

Mimi nilikuwa nimeizoea hivyo hivyo, nasukuma bomba kwa mkono na maisha yanaendelea. Lakini baada ya kuzungumza na baba nilianza kuitazama mota ile kwa jicho jingine. Kioo cha darubini hukusanya mwanga mwingi kuliko jicho la mtu, na huenda mwanga huo ungepenya ule ukungu machoni mwake. Shida ni kwamba baba si mwepesi tena. Mpaka ashike ukingo, ainame, apige bismillahi, atafute tundu kwa jicho la kulia, asilipende, ahamie la kushoto, mwezi umeshatoka kwenye kioo na kwenda zake. Mtu mwenye macho mazima atalisukuma bomba aufuate. Baba asingeweza. Kwake yeye, bila mota hapakuwa na mwezi.

Nikaifungua. Kila kitu ndani yake kilikuwa kizima, jambo lililoniudhi kuliko ningekuta kimevunjika. Mota inanguruma, gia zinaingiana, hakuna jino lililolika. Nilitukana kwa lugha zote nilizonazo.

Jibu lilinijia darasani, nikiwaeleza wanafunzi kwamba Ulaya jua la mchana liko upande wa kusini, na sisi wa upande huu wa ikweta mambo hugeuka. Kitako kile kiliundwa kwa ajili ya watu wa kaskazini. Kwao mhimili wake huelekezwa ncha ya kaskazini, na mota huzunguka upande mmoja. Kwetu mhimili huelekezwa ncha ya kusini, na mota inapaswa kuzunguka upande wa pili. Yetu ilikuwa inakwenda kinyume cha anga, kwa bidii na uaminifu mkubwa, na kila nyota ilitutoroka kwa mwendo maradufu. Umeme wa Moroni ulikuwa na makosa yake mengi, lakini hilo halikuwa lake.

Mota yenyewe haikuwa na swichi ya kuigeuza, na ukibadilisha nyaya inazunguka vile vile, kaidi. Dawa yake ni gia moja ya ziada, itiwe katikati ya gia ya mota na gia ya mhimili. Gia hiyo ya kati haiongezi mwendo wala haipunguzi. Kazi yake ni kubisha tu: ikisukumwa huku, yenyewe inasukuma kule. Nilitafuta gia ya kuingiana mji mzima, ndani ya cherehani, ndani ya redio za kaseti, mpaka mafundi wa Badjanani wakiniona nakuja wanafunga milango. Niliipata katika saa mbovu ya ukutani. Kipande cha bati cha kuishikilia nilikikata kwenye kopo la samli, na ndiyo maana kitako kile cha kisayansi kina picha ya ng'ombe anayetabasamu.

Ramadhani ilipokaribia kwisha nikaomba ruhusa shuleni, nikaitia darubini katika sanduku refu la mbao, nikapanda meli ya Mutsamudu. Abiria wawili walilisomea sanduku Fatiha wakidhani nasafirisha maiti. Sikuwakatiza, dua haipotei.

Tuliposhuka bandarini, wapakuzi walilibeba sanduku kwa heshima ile ile ya msiba. Hapo akatokea mzungu mmoja wa wale mamluki, mwenye bereti, pamoja na askari wake, mtu mzima wa Mutsamudu aliyeanza kuota mvi. Mzungu akataka sanduku lifunguliwe. Akalitazama bomba, akaitazama miguu mitatu, akarudi nyuma hatua moja.

"Linapiga umbali gani?" akaniuliza kwa Kifaransa.

Nilikuwa nimetapika njia nzima, na nina swaumu.

"Mpaka Zohali," nikamjibu kwa Kiswahili.

Akamgeukia askari wake kumuuliza Zohali iko kisiwa gani. Askari akafikiri, akasema anadhani ni Ngazidja.

Nilieleza kwamba Zohali ni sayari. Mzungu alidhani namfanyia mzaha, na kwa kweli nilikuwa namfanyia. Nikambembeleza atazame ndani ajionee kwamba hamna baruti. Akatia kichwa kwenye mdomo wa bomba, akaliona jicho lake mwenyewe kwenye kioo, kubwa kuliko alivyolizoea, akakitoa kichwa upesi. Ili kummalizia wasiwasi nikaiunga mota kwenye umeme wa ofisi ya bandari, nikamwonyesha bomba linavyojizungusha taratibu bila mtu kuligusa. Hilo halikusaidia hata kidogo. Bomba lililotulia lingeweza kuwa bomba la maji. Bomba linalogeuka lenyewe ni habari nyingine.

Alitembea huku na huku, kisha akatoa uamuzi. Bomba linaruhusiwa kuingia mjini. Lakini askari huyu atalilinda popote litakapokaa, na ni marufuku kulielekeza sehemu tatu: kambi yao, ofisi ya gavana, na bandari. Likielekezwa huko, askari apige risasi.

"Ampige nani?" nikauliza.

Mzungu akalitazama sanduku. "Bomba," akasema.

Basi nikaingia nyumbani na darubini na mlinzi wake. "Kwezi, bakoko," askari alimwamkia baba kwa heshima, kwa lugha ya Mutsamudu, kama babu yake, na baba akaitikia, "Mbona." Mama alimwambia bunduki ibaki mlangoni pamoja na viatu, kwani juu watu wanaswali. Askari akaiweka pale pale penye viatu, akapanda mikono mitupu. Nilipomuuliza atalipigaje bomba, alisema ikibidi atashuka kuifuata.

Taabu haikuishia hapo. Kitako cha Ulaya mhimili wake hauinami vya kutosha kwa sisi tunaokaa karibu na ikweta. Waliokiunda hawakufikiria kwamba kuna mtu ataishi huku. Ilibidi kitako chote kiinamishwe, yaani mguu wa upande wa kaskazini unyanyuliwe. Nilijaribu matofali, yakateleza. Kitu pekee chenye urefu unaofaa na kisichotikisika kilikuwa kinu cha mama, kikigeuzwa kifudifudi. Nikapandisha mguu mmoja wa chuma juu yake, nikalifunga dude lote kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo lisije likaanguka barabarani.

"Yaani mwezi hauonekani mpaka kinu changu kilale kifudifudi?" mama aliuliza.

"Hauonekani," baba akamjibu, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi hiyo.

Kesho yake mchana tuliijaribu mota kwa jua. Jua halitazamwi kwa darubini, linapofusha. Nililielekeza bomba kwa kufuata kivuli chake, nikaweka karatasi nyuma ya tundu la kutazamia, picha ya jua ikaangukia kwenye karatasi, duara safi, nami nikaizungushia kalamu. Nikawasha mota. Zamani duara lile lingekwisha kukimbia kabla sijafunika kalamu. Safari hii lilitulia. Baba hakuweza kuuona mstari wa kalamu, basi akaleta kiganja akakiweka mbele ya karatasi mpaka joto likamfikia. "Bado lipo," akasema. Baada ya muda akarudia, "Bado lipo." Alikaa hivyo kwa muda mrefu, kiganja kikiwa na jua ndani yake, na sijui kama nimewahi kufurahi kwa kazi ya mikono yangu kama nilivyofurahi hapo.

Askari yeye hakufurahi. Alikuwa amekaa juu ya mkeka akilifuata bomba kwa macho.

"Fundi," akasema, "chombo chako kinakwenda bandarini."

"Jua ndilo linalokwenda bandarini."

"Jua sikuambiwa nililinde."

Alikuwa na haki. Bandari iko upande huo huo, na chochote kinachozama angani, mota ingekifuata mpaka juu ya makontena. Tulijadiliana kama mawaziri. Mwishowe askari alifunga uzi kutoka nguzo moja ya kuanikia hadi nyingine. Bomba likiwa juu ya uzi, linatazama mbingu. Likishuka chini ya uzi, linatazama bandari, naye atashuka kuifuata bunduki yake. Mwezi ulitakiwa uonekane kabla ya kufika kwenye uzi.

Magharibi ya mfungo ishirini na tisa mapaa ya Mutsamudu yalijaa watu. Wengi walitazama angani, na wengine walitutazama sisi. Mama alipanda na tende na maji. Jua likazama, adhana ikaadhiniwa, tukafuturu, nami nikaanza kutafuta pale nilipopiga hesabu. Mwanzoni palikuwa na wekundu mtupu. Kisha, pembeni mwa kioo, nikauona: uzi mweupe uliopinda, umekatika katikati. Nikauleta katikati ya kioo, nikaiacha mota iufuate. Ukatulia.

"Baba, njoo."

Askari akatutangulia. Alisema lazima akague kwanza kama bandari haimo ndani. Akainama. "Subhanallah," akasema, akapisha bila kutazama mtu.

Baba akaja. Akashika ukingo, akapiga bismillahi, akaliweka jicho la kulia. Na wakati huo huo Mutsamudu yote, imeshatia kitu tumboni, ikawasha taa. Umeme ukafifia, ukapanda kidogo, ukakatika. Mji ukawa kiza. Ule mngurumo mdogo wa mota ukanyamaza.

Anga haikatiki umeme. Nilijua mwezi umeanza kuteleza kwenye kioo. Nisingeweza kulisukuma bomba bila kutazama, na penye kutazama palikuwa na jicho la baba. Akahamia jicho la kushoto. Nikasubiri mpaka nikawa na hakika kwamba ndani ya kioo kile hamna tena kitu chochote isipokuwa kiza cha jioni.

"Naam," baba akasema. "Nauona."

Mama akamshukuru Mungu.

"Umetulia vizuri," baba akaendelea, jicho bado likiwa pale pale. "Kazi nzuri, mwanangu."

Nilimtazama askari, naye akanitazama. Aliijua kazi ya mota kwa kuwa aliilinda mchana kutwa. Akaanza kuukunja uzi wake polepole. Nilitaka kulia, nikatafuta mtu wa kumgombeza, nikakosa.

Tukashuka sote kwenda kwa kadhi, baba mbele, mimi na askari nyuma, bunduki na viatu vimerudi kwa mwenyewe. Barazani palijaa watu. Baba alipoingia wakampisha kwa ule upole wao, na mmoja akamnyooshea mkono amkalishe. Baba hakuushika. Alisimama mbele ya kadhi.

"Nimekuja kushuhudia," akasema. "Leo mimi sikuuona mwezi."

Watu wakatazamana. Mimi nilidhani sikusikia vizuri.

"Niliona weupe tu, kama ninavyouona kila siku," baba akasema. "Juu ya paa nilisema nauona, kwa sababu mwanangu ametoka Moroni na chuma mgongoni. Yale yalikuwa ya nyumbani. Hapa ni ushahidi. Na mwaka jana niliuona. Nao huo ni ushahidi, na sitaubadilisha."

Kadhi alimtazama, kisha akasema, "Tumeyasikia yote mawili." Hakuna aliyecheka. Yule aliyenyoosha mkono aliurudisha mapajani.

Nami nikashuhudia kwamba nimeuona kwa darubini. Kadhi akauliza kama kuna mwingine. Watu wakamgeukia askari. Askari akasimama wima.

"Mimi nina amri ya kulinda bomba," akasema. "Amri ya kuona sina."

"Lakini uliuona?"

"Hilo mpaka nimuulize mzungu."

Mzee mmoja akapendekeza basi mtu atumwe kambini kumwomba kafiri yule ruhusa ili Waislamu wale Idi. Kadhi akajifunika uso kwa viganja viwili, sikujua kama anaomba dua au anacheka. Walikuwa bado wanabishana nani aende pale mtu aliyekuwa na redio ya betri alipopandisha sauti: Moroni imetangaza, mwezi umeonekana Ngazidja, kesho Idi. Wote wakasimama, wakapeana mikono, wakatoka. Gia yangu, kinu cha mama, uzi wa askari, vyote havikuhitajika. Nilikasirika kuliko nilivyopata kukasirika.

Tulirudi kwa miguu, mimi na baba, katika vichochoro ambavyo taa bado hazijarudi. Penye ngazi akaushika mkono wangu mwenyewe, bila kushikwa.

"Ulikuwaje?" akauliza.

"Mwembamba. Umekatika katikati."

"Pembe zake zilielekea wapi?"

"Chini."

Akasimama. "Mwezi wa kuandama pembe zake huwa juu. Wewe umekwenda kumshuhudia kadhi kitu gani?"

Nikamweleza kwamba kioo cha darubini hupindua kila kitu, juu huwa chini na kulia huwa kushoto, ndivyo kilivyoundwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kushuka ngazi tena, mkono wake ukiwa juu ya wangu.

"Basi upindue," akasema. "Unieleze ulivyo."

Nikaupindua, nikaanza upya, na kila nilipokosea alinisahihisha, mpaka tukafika mlangoni.